Eda ya Watu Wawili

"Na wewe pia unakaa eda?" Bi Mwanamkuu aliuliza.

Msichana wa Kizungu aliyeketi mkekani ubavuni mwa mjane aliitikia kwa kichwa. "Ndiyo, bibi. Mimi pia."

"Eda ya huyu marehemu Thuwaini?"

"Ndiyo. Ya Thuwaini."

Chumba kilijaa wanawake wa mtaa wa Gongoni waliokuja kumaliza matanga, na wote wakageuza shingo kumtazama msichana. Bi Mwanamkuu alikwisha kuwaweka eda wajane wengi wa mji wa Tabora, matajiri kwa maskini, lakini hakuwahi kukuta mjane wa ziada. Hata hivyo adabu ya msibani haina maswali. Marehemu hasutwi, na mfiwa hahojiwi mbele ya watu. Basi bibi yule alivuta ushungi wake mbele, akaendelea na kazi yake kana kwamba alijua tangu zamani kwamba wajane ni wawili.

"Hamtoki nje ila kwa dharura," alisema. "Hamjipambi, hamjitii manukato wala wanja. Mwanamume asiye maharimu mnasema naye nyuma ya pazia, tena kwa haja. Miezi minne na siku kumi."

Msichana aliyarudia maneno hayo taratibu, moja baada ya jingine, asipoteze hata moja. Kisha akavua herini, akavua na bangili pana ya fedha, akavifunga vyote kwenye leso.

Khole binti Ghalibu, mjane mwenyewe, aliitazama ile bangili. Ilikuwa fedha nzito yenye nakshi, mfano wa zile walizovaa bibi zake waliofika Tabora na misafara kutoka pwani. Alikuwa ameiona mkononi mwa msichana kwa miezi, asijali. Leo swali lilimjia bila kualikwa: nani alimpa?

Tangu mumewe aanguke njiani akienda msikitini alfajiri, Khole alikuwa akimlilia kwa moyo mmoja. Sasa moyo huo ulitaka kujua kama mtu aliyekuwa akimlilia alikuwa wake kweli.

* * *

Msichana aliitwa Birgit, lakini Gongoni ilimwita Birigiti, kwa kuwa ulimi nao una haki zake. Kwao Denmaki. Chuo alichosoma kilikuwa kioja cha mjini. Hakikuwa na jengo wala kengele. Wanafunzi wake walikaa mwaka Meksiko, mwaka Tanzania, mwaka Japani, na kila walipofika waligawanywa katika nyumba za watu, wakafanya kazi za wenyeji wao, na hayo ndiyo yalikuwa masomo. Mwaka huo wa sabini na tatu redio ilihubiri asubuhi na jioni kwamba elimu ni kazi, basi hata wakubwa wa mkoa walishindwa kukikataa chuo kilichosema maneno yaleyale.

"Kwetu sisi mtoto anayekaa kwa watu akikoroga sufuria huitwa mtumishi," alisema Swaumu, jirani wa ukuta mmoja. "Kwao huitwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Dunia ina mengi."

Wenzake walipelekwa Itetemia kulima na wakulima, chini ya mwalimu wao Raymundi. Birgit aliomba fundi wa mjini, akapewa Thuwaini, mpishi wa halwa. Uani palikuwa na sufuria la shaba, na mwiko mrefu kuliko msichana mwenyewe. Thuwaini alimsimamia akimpigia kelele: "Usiiache ishike, binti! Halwa haina simile!" Naye Birgit alikoroga, jasho linamtiririka, mashavu mekundu, huku yeye na fundi wake wakicheka, Khole akiwasikia kule jikoni, na Salme, binti yao mwalimu, akitoka shuleni na kukuta nyumba nzima inanukia hiliki.

Kicheko kile Khole alikuwa akikipenda. Sasa, akiwa amekaa na nguo zake za eda, za kitambaa cheupe cha marekani, alikirudia kichwani na kukichunguza kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Nani alikuwa akicheka, na kwa nini? Na ile safari ya Bukene? Thuwaini alipanda treni na msichana kwenda kutafuta asali kwa rafiki yake Ngollo, na wakalala huko. Khole mwenyewe ndiye aliyewafungia chakula cha njiani.

Angeweza kuuliza. Msichana alikuwa hapo hapo, amekaa naye mkeka mmoja, amevaa marekani ileile. Lakini utamuuliza nini mtu anayekuandalia maji ya kutawadhia, anayekukanda miguu bila kuombwa, anayekaa kimya unapotaka kimya? Na kumuuliza yeye ni kumshitaki marehemu, asiyeweza tena kujitetea. Khole alimeza swali lake, likakaa kooni kama mwiba wa samaki.

* * *

Mji nao ulikwisha kujijibu. Khole alilijua hilo siku Swaumu alipoleta chakula.

Alikuja na sinia lenye sahani mbili. Si sahani kubwa ya nyumba, kama ilivyo desturi, bali mbili zilizolingana: wali sawa, mchuzi sawa, hata ndizi mbivu zimekatwa vipande sawa.

"Hii yako, Bi Khole," Swaumu alisema kwa sauti ya upole uliozidi kipimo. "Na hii ya mwenzio. Mtu asije akaona kapunjwa."

Kila mwanamke wa Gongoni anajua ni nani hupelekewa vitu vilivyolingana hivyo. Khole alishukuru, maana chakula cha rambirambi hakirudishwi, hasa wakati ule ambapo mchele ulipatikana kwa foleni. Kesho yake mwingine alileta vipande viwili vya sabuni. Mwingine akaleta doti ya kanga nyeupe, akaikata katikati mbele yao.

Birgit alifurahi. Alidhani mji umempenda. "Watu wa hapa wanafikiri juu ya kila mtu," alisema, akapokea sabuni yake kwa mikono miwili kama alivyofundishwa.

Swaumu hakuridhika na sahani. Siku nyingine alimwinamia Khole sikioni. "Shoga, nisamehe. Hana mimba? Kama anayo, eda yake ni mpaka ajifungue, si miezi minne."

"Swaumu," Khole alisema, "nenda ukaangalie chungu chako, kisije kikaungua."

Swaumu alikwenda. Khole alijifunika gubigubi, akasema kichwa kinamgonga. Mwiba ulikuwa umezama.

* * *

Aliyechoka kuliko wote alikuwa Salme. Nyumba ilikuwa na wanawake wawili wasiotoka na mmoja wa kutoka, na huyo mmoja alikuwa yeye. Asubuhi darasani na watoto sabini, mchana foleni ya sukari, jioni kisimani. Nguvu za nyumba zilikuwa zimeketi ndani mkekani, nazo zilikuwa na mikono mipana ya kukoroga halwa.

"Mama, umemwambia wewe akae?" aliuliza siku moja, akitua ndoo.

"Mimi?" Khole alisema. "Nilidhani wewe unajua."

"Nijue nini?"

Salme alimtazama mama yake, na mambo aliyoyasikia kwenye foleni, ambayo alikuwa ameapa kutoyaleta nyumbani, yakamwasha uso. Alikuwa amemgombeza mwanamke mmoja mbele ya duka la ushirika kwa ajili ya maneno hayo, akapoteza nafasi yake kwenye mstari.

"Mwalimu Raymundi kanisimamisha njiani," alisema badala yake. "Wenzake Birigiti wanaondoka na treni ya Ijumaa. Dari Salama, halafu Japani. Birigiti kampelekea salamu kwamba yeye haendi. Anasema anakaa mpaka eda iishe. Mwalimu kasema asipokwenda sasa, mwaka wake umepotea, na pengine chuo chenyewe."

Khole alikuwa akijiambia kwamba labda ni ujinga wa mgeni, labda ni mchezo wa kitoto. Sasa hata hiyo labda ilikuwa inamponyoka. Msichana gani anaiacha Japani kwa ajili ya marehemu asiye wake?

* * *

Humaidi, mdogo wake marehemu, alikuja baada ya sala ya alasiri. Aliketi ukumbini, upande wa pili wa pazia, kofia mkononi.

"Shemeji, poleni tena."

"Tumeshapoa, shemeji."

"Nimekuja kwa jambo zito, uniwie radhi." Aliizungusha kofia mkononi. "Shehe ananihimiza tugawe mirathi. Marehemu kaacha mtoto, kwa hiyo fungu la mke ni thumni, moja ya nane. Nataka kujua, thumni hiyo ni yako peke yako, au mnagawana wawili?"

Khole alilishika pindo la pazia.

"Kama msichana hajasilimu, hana fungu," Humaidi aliendelea. "Kama kaka alimsilimisha akamwoa kwa siri, anayo haki, nami siwezi kwenda mbele ya Mungu na dhambi ya kumdhulumu mgeni. Fungu langu mimi halipungui, shemeji. Linalopungua ni lako. Ndiyo maana nakuuliza wewe kwanza."

Humaidi alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililouma. Mtu mbaya angepata jibu lake palepale. Khole alikaa na aibu yake nyuma ya kitambaa, akiwaza kwamba mwanamke aliyelala na mume kitanda kimoja tangu usichana wake sasa anaulizwa idadi ya wake wa mume huyo, naye haijui.

"Muulize mwenyewe," alisema mwishowe.

"Yuko wapi?"

"Hapa hapa. Naye yuko nyuma ya pazia. Si yuko eda?"

Humaidi alijikuna kidevu. Hakuwa amejiandaa kwa pazia lenye watu wawili. "Binti," alisema, akilisemesha pazia kwa jumla, "kaka yangu alikuoa?"

Kisha sauti ya Birgit ikaja, ikitafuta maneno. "Kunioa? Baba Thuwaini?"

"Eda hukaliwa na mke, binti."

"Mke tu?"

"Mke tu."

"Mtoto je? Salme hakai?"

"Mtoto hakai."

"Mgeni wa nyumba?"

"Mgeni ndiyo kabisa hakai," Humaidi alisema.

Birgit alijishika kinywa kwa mikono miwili. Alimtazama Khole, akatazama nguo zake nyeupe, akazikumbuka sahani mbili na sabuni mbili na kanga iliyokatwa katikati, na uso wake ukawa mwekundu kuliko ulivyokuwa mbele ya sufuria.

"Meksiko nilikaa kwa Mama Konsuelo," alisema. "Mfumaji. Mama yake alikufa nikiwa pale. Nyumba nzima tulivaa nyeusi. Wanaume, watoto, mimi. Hakuna kuimba, hakuna kutoka, siku tisa. Mama Konsuelo akasema, sasa wewe ni wa nyumba hii. Siku ya kuvua nguo nyeusi akanivisha bangili ile ya fedha. Nikafikiri, msiba ni wa nyumba. Hapa nikaona Mama Khole anakaa peke yake. Watu wanakuja, wanakwenda, yeye anakaa. Nikasema hapana, hiyo ni vibaya, mtu mmoja kukaa peke yake."

Salme, aliyekuwa mlangoni na ndoo, aliitua chini na kuanza kucheka. Hakuwa amecheka tangu siku ya mazishi, na kicheko kilimtoka pamoja na machozi, akashika ukuta. Humaidi alisema "Astaghafirullahi" mara kadhaa, akaaga haraka, akatoka na kandambili za Salme zilizokuwa mlangoni.

Khole yeye hakucheka. Alikuwa amebakiza mwiba mmoja.

"Na Bukene?" aliuliza taratibu.

"Bukene tulilala kwa Bwana Ngollo. Mimi nililala na wake zake. Watatu, na watoto wengi, na mbuzi mmoja." Birgit alifikiri kidogo. "Ngollo akamtania Baba. Akasema, Mwarabu, huyu anajua kukoroga, mwoe basi. Baba akasema hapana. Akasema, 'Nyumbani nina mtu anayejua nikikohoa kwa moshi na nikikohoa kwa uongo. Nikioa wa pili nitakohoa mpaka nife.' Wote wakacheka sana. Mimi sikuelewa. Maneno tu niliyashika, kwa sababu Baba aliniambia nishike kila neno, nitalielewa mbele ya safari."

Khole alifunika uso wake kwa marekani.

Ilikuwa kweli. Moshi wa sufuria ulimtoa Thuwaini kikohozi kizito cha kifuani, na uongo ulimtoa kikohozi chepesi cha kooni, kama mtu anayebisha hodi. Sukari iliyopewa jamaa kwa siri, nyumba ya pili iliyotaifishwa naye akasema haimuumi, yote Khole aliyajua kwa kikohozi hicho. Hakuwahi kumwambia mtu. Hakujua kwamba mumewe naye anajua kwamba yeye anajua. Na aliporudi kutoka Bukene na madumu yake ya asali, alikaa akala, akasimulia safari mwanzo hadi mwisho, asikohoe hata mara moja. Ushahidi ulikuwa masikioni mwake siku zote, naye alikwenda kuutafuta kwenye bangili.

Alilia sana jioni ile, na kilio kilikuwa kitamu kwa sababu kilikuwa cha mume wake.

* * *

"Ijumaa unapanda treni," Khole alimwambia Birgit asubuhi yake.

"Siendi. Wewe utabaki..."

"Nitabaki na eda yangu. Ni yangu, mwanangu, si adhabu. Wewe kwenu umetumwa kuisoma dunia, na Japani haiwezi kuletwa hapa Gongoni kwa foleni." Alimshika mkono. "Sikiliza. Watu waliniletea pole kwa midomo, nami nawashukuru. Wewe ulikaa. Ulikosea, lakini ulikosea ukiwa umekaa nami. Mungu akulipe, maana mimi sina cha kukulipa."

Bi Mwanamkuu aliitwa. Alisimuliwa mambo yote, akasikiliza bila kupepesa jicho.

"Eda kama hii sijawahi kuitoa tangu nizaliwe," alisema. "Basi tuseme haikuwa eda, ilikuwa rambirambi. Lakini aliyeingia kwa nia njema atatoka kwa heshima. Chemsheni maji."

Birgit aliogeshwa, akavuliwa marekani, na kwa desturi nguo zile zikawa za Bi Mwanamkuu. Akavishwa gauni jipya aliloshona Salme usiku kucha. Udi ulipowashwa, Khole aliambiwa asogee mbali, kwani moshi ule haukuwa halali yake bado. Alisogea mpaka kona ya chumba, akatazama kutoka huko, macho yanamlengalenga.

Msichana alifungua ile leso, akatoa bangili. Hakuivaa. Alikwenda mpaka kona, akaiweka mapajani mwa Khole.

"Mama Konsuelo alinipa msiba ulipokwisha," alisema. "Wa kwako ukiisha, utavaa."

"Hii ni mali yako."

"Ni ya nyumba," Birgit alisema.

Khole hakuweza kumsindikiza stesheni. Alisimama nyuma ya mlango, hatua moja kutoka barazani, na kopo la halwa aliyoikoroga Salme, halwa ambayo kwa kweli ilikuwa imeshika kidogo chini. Birgit alilipokea kwa mikono miwili. Mlango ulipofungwa, Khole alirudi mkekani, akanyoosha miguu yake. Mahali palipokuwa na mwenzake palikuwa patupu, lakini kifuani hapakuwa na mwiba tena, naye akasema alhamdulilahi kwa sauti.

* * *

Eda ilipokwisha mvua zilikuwa zimeanza. Bi Mwanamkuu alikuja tena na udi wake, safari hii kwa mwenyewe hasa. Khole alioga, akavaa kanga za rangi, akatiwa wanja, akatoka barazani kwa mara ya kwanza, na wanawake wa Gongoni walikuwa wamejaa wakimpigia vigelegele. Uani, Salme alikuwa mbele ya sufuria, akikoroga, na Humaidi alikuwa ameleta sukari aliyoipata mwenyewe kwa kupanga mstari. Alikuwa pia amerudisha kandambili.

Swaumu alikuja na sinia. Safari hii lilikuwa na sahani moja kubwa, naye hakumtazama mwenye nyumba machoni alipoliweka chini. Kisha macho yake yakaangukia mkononi mwa Khole, kwenye fedha ile nzito yenye nakshi, akasahau aibu yake.

"Bi Khole, bangili nzuri hiyo. Nani kakupa?"

Khole aliinua mkono, akaizungusha bangili taratibu ili wote waione.

"Mke mwenzangu," alisema. "Yuko Japani, anasoma."